Wakubwa Husafishwa, Wadogo Huchafuliwa: Filamu na Uaminifu kwa Maandiko

Hotuba kwa walimu wa kwaya, viongozi wa vijana na wapiga video wa makanisa

Bwana Yesu asifiwe! Tumsifu Yesu Kristo!

Wachungaji wetu, mapadre, masista, walimu wa kwaya, na ninyi vijana mliokuja na kamera zenu mabegani, nawashukuru kwa kunialika. Mliniuliza swali moja: filamu za Biblia zinayafuata Maandiko kwa kiasi gani? Jibu nililokuja nalo silo lile tulilozoea kulisikia kwenye semina zetu, kwa hiyo naomba mnivumilie nilifafanue taratibu.

Kwa kawaida tunaipima filamu ya Biblia kama mwalimu anavyosahihisha imla. Tunafungua kitabu, tunatazama skrini, tunahesabu makosa. Mamajusi walikuwa watatu? Mathayo hakutaja idadi. Walimkuta mtoto horini? Mathayo 2:11 inasema waliingia nyumbani. Makosa ya namna hiyo yapo, tena ni mengi, lakini mimi hayaninyimi usingizi. Hakuna mtu ambaye imani yake ilipotea kwa sababu ya idadi ya mamajusi.

Linaloninyima usingizi ni kosa jingine, ambalo linajirudia tangu enzi za sinema zisizo na sauti hadi filamu za miaka hii, na linaonekana hata kwenye maigizo yetu ya Pasaka. Filamu huwasafisha wakubwa wa Biblia na kuwachafua wadogo wake. Biblia yenyewe haifanyi hivyo. Biblia ni kitabu kigumu sana kwa wakubwa.

Nianze na Daudi, maana hapo jambo lenyewe liko wazi kuliko kwingine kokote.

Mwaka 1951 Hollywood ilitoa David and Bathsheba, filamu iliyoongozwa na Henry King. Gregory Peck alikuwa Daudi, Susan Hayward akawa Bathsheba. Kabla sijasema walichofanya, turudi kwenye 2 Samweli 11. Ni majira ya vita, jeshi liko nje, mfalme amebaki Yerusalemu. Jioni anatembea darini, anamwona mwanamke akioga. Anauliza ni nani, naye anaambiwa: ni Bathsheba, binti Eliamu, mke wa Uria Mhiti. Angalieni hapo. Kabla hajachukua hatua yoyote, Daudi alishajulishwa kwamba huyu ni mke wa mtu, na kwamba mtu huyo ni askari wake mwenyewe. Akatuma wajumbe, wakamleta, akalala naye. Mwandishi hasemi Bathsheba alijisikiaje. Hasemi kama alikubali, aliogopa au alilia. Wajumbe wa mfalme wamefika mlangoni na mume hayupo. Hayo ndiyo tunayoyajua. Neno pekee la Bathsheba katika sura yote ni ujumbe anaoutuma baadaye kwamba ana mimba.

Filamu haikuuvumilia ukimya huo. Ndani yake Bathsheba anamwambia mfalme kwamba alikuwa akijua desturi yake ya kutembea jioni, na kwamba alioga pale akitumaini kuonwa. Uria naye amefanywa mume baridi, mtu anayependa vita kuliko mkewe. Mambo hayo mawili hayamo kwenye Biblia, si kwa herufi wala kwa dokezo. Na yakishawekwa, hesabu yote ya dhambi inageuka. Mtazamaji anaanza kuona penzi la watu wawili wapweke, huku yule mume akiwa kikwazo njiani. Ni kweli Nabii Nathani anafika baadaye na kumkemea mfalme, lakini wakati huo sisi tuliokaa kwenye viti tulishamsamehe zamani.

Uria wa Biblia ni mtu mwingine kabisa. Daudi anamwita kutoka vitani na kumhimiza ateremke nyumbani kwake, ili mimba ipate mwenyewe. Uria analala mlangoni pa jumba la mfalme pamoja na watumishi, kwa sababu Sanduku la Mungu na wenzake wako vibandani nje, naye haoni vema akale na kunywa na kulala na mkewe. Daudi anamlewesha. Hata akiwa amelewa, haendi. Ndipo inaandikwa barua ya kumwua, na barua hiyo anaibeba Uria mwenyewe, kwa mkono wake, kumpelekea Yoabu. Huyu ni Mhiti, mgeni katika Israeli, na katika sura hiyo ana heshima kuliko mpakwa mafuta wa Bwana. Mwandishi wa Samweli alitaka tuuone uchungu huo. Na Nathani anapokuja katika sura ya 12, hana hata neno moja la kumlaumu Bathsheba. Katika mfano wake mwanamke huyo ni mwana-kondoo wa maskini aliyeporwa na tajiri. Kidole kinaelekezwa kwa mtu mmoja: "Wewe ndiwe mtu huyo."

Naomba msidhani naisema Hollywood peke yake. Ni mara ngapi kwenye mikesha yetu tumesikia mhubiri akiuliza, kwa sauti ya kejeli, huyu mwanamke alikuwa anaoga wapi? Na watu wanacheka na kuitikia amina. Ndugu zangu, aliyekuwa darini ni Daudi. Andiko linasema hivyo waziwazi. Lakini sisi tumempandisha Bathsheba darini kwa mahubiri yetu, kama filamu ile ilivyofanya kwa mazungumzo yake.

Sasa tumtazame Musa. The Prince of Egypt ya 1998 ni filamu ya katuni ninayoipenda. Wimbo wake, michoro yake, bahari ile inavyopasuka na kivuli cha samaki mkubwa kinavyopita ukutani mwa maji, ni kazi ya watu walioliheshimu jambo walilolishika. Mwanzoni kabisa waliweka maandishi ya kukiri kwamba wametumia uhuru wa kisanaa, na wakamwelekeza mtazamaji kwenye kitabu cha Kutoka. Huo ni uungwana. Hata hivyo, angalieni kifo cha yule Mmisri. Katika Kutoka 2:12 Musa anatazama huku na huku, anahakikisha hakuna mtu, anampiga Mmisri, kisha anamficha mchangani. Mtu anayetazama huku na huku anajua anachotaka kufanya, na mtu anayefukia maiti anajua alichofanya. Katika filamu, Musa anakimbilia kumwokoa mzee anayechapwa, anamsukuma mnyapara, naye anaanguka kutoka juu kwenye majukwaa ya ujenzi. Imekuwa ajali, tena mbele ya watu wote. Musa anabaki na majuto lakini hana hatia, na tofauti ya hayo mawili ni kubwa. Mungu wa kitabu cha Kutoka anamwita mtu aliyeua na kukimbia. Mungu wa filamu anamwita kijana mwema aliyepatwa na bahati mbaya.

Haruni naye alipata watetezi. Katika The Ten Commandments ya Cecil B. DeMille ya mwaka 1956, yenye urefu wa zaidi ya saa tatu na nusu, aliyechochea ndama ya dhahabu ni Dathani, mtu mwovu tangu mwanzo wa filamu, na Haruni anashurutishwa kuitengeneza. Fungueni Kutoka 32. Dathani hayupo. Watu wanaomba, na Haruni, kuhani na ndugu wa Musa, anakusanya pete za dhahabu bila kubisha hata kidogo. Musa anapomuuliza, anajibu kwamba aliitupa ile dhahabu motoni akatoka ndama huyu, kana kwamba moto ndio uliochonga. Udhuru wa aibu kuliko huo sijausoma popote katika Maandiko, na Biblia imeuhifadhi neno kwa neno ili viongozi wa dini wa vizazi vyote waujue. DeMille akautupa. Siku hiyo walikufa watu wapatao 3,000, na kuhani aliyewatengenezea ile ndama akabaki hai. Hilo ni jambo la kutetemesha, na kanisa linalihitaji.

Kwa nini watengenezaji wa filamu hufanya hivi? Sidhani ni ubaya wa moyo. Filamu ya fedha nyingi hujengwa juu ya uso wa nyota mmoja, na nyota huyo lazima apendwe hadi mwisho. Biblia haina haja ya kumfanya Daudi apendwe. Mhusika wake mkuu ni Mungu, kwa hiyo inaweza kumwacha Daudi auone uchafu wake.

Ndiyo maana nina neno la kuitetea kidogo Noah ya Darren Aronofsky, iliyotoka 2014. Wakristo wengi waliikasirikia, na wana sababu. Malaika waliogeuka majitu ya mawe, mgeni aliyejificha ndani ya safina, Nuhu kutaka kuwaua wajukuu wachanga: hayo yote hayamo. Mwanzo 7:13 inasema wana watatu waliingia na wake zao, filamu ikawanyang'anya wawili. Lakini mwishoni filamu hiyo inamwonyesha Nuhu amelewa, yuko uchi, peke yake. Hicho ni Mwanzo 9, na ndicho kipande ambacho vitabu vyetu vya picha vya shule ya Jumapili hukiruka, vikaishia kwenye upinde wa mvua. Filamu iliyoshutumiwa sana namna hiyo ilithubutu kukibakiza kile tunachokificha sisi.

Nihamie kwa wadogo.

Nimetazama maigizo ya Pasaka ambamo Maria Magdalena anatokea amevaa kimini, amepakwa rangi ya mdomo, anatafuna ubani, halafu anaanguka miguuni pa Yesu na kanisa zima linapiga vigelegele. Nimewahi kumuuliza mwongozaji wa igizo kama hilo ni andiko gani linalosema alikuwa kahaba. Alinitazama kwa mshangao wa kweli. Hakuna andiko. Luka 8:2 inasema alitokwa na pepo saba. Aya inayofuata inamtaja pamoja na Yoana, mke wa Kuza wakili wa Herode, na Susana, na wengine wengi, kwamba walimhudumia Yesu na wanafunzi wake kwa mali zao. Huyu ni mwanamke aliyeponywa na akatoa mali yake kuitegemeza kazi ya Bwana. Katika Yohana 20 ndiye wa kwanza kumwona Mfufuka, na ndiye anayetumwa kuwaambia mitume.

Angalieni sinema zilivyomtendea. Mwaka 1927 DeMille alifungua The King of Kings kwa Maria Magdalena akiwa malaya tajiri mwenye gari linalovutwa na punda milia, na Yuda akiwa mmoja wa wapenzi wake. Mwaka 1977 Jesus of Nazareth ya Franco Zeffirelli, kazi nzuri kwa mengi, ikamfanya kahaba tena. Mwaka 2004 The Passion of the Christ ikamvisha dhambi ya yule mwanamke aliyefumaniwa wa Yohana 8, ambaye hana jina.

Lakini kamera haikuanzisha hili. Mwaka 591 Papa Gregori Mkuu alihubiri akiwaunganisha wanawake watatu wa Injili kuwa mmoja: mwenye dhambi wa Luka 7, Maria wa Bethania, na Magdalena. Mahubiri hayo yakatembea Magharibi yote, yakaingia kwenye michoro, yakatoka kwenye michoro yakaingia kwenye filamu, na kutoka kwenye filamu yakafika kwenye igizo la kanisa lenu. Mara nyingi tunapodhani mwongozaji ameigeuza Biblia, ukweli ni kwamba ameyafuata mahubiri yetu kwa uaminifu mkubwa. Kanisa Katoliki limeanza kulirekebisha: mwaka 2016 kumbukumbu ya Maria Magdalena, tarehe 22 Julai, ilipandishwa hadhi ikawa sikukuu, sawa na za mitume. Na filamu iitwayo Mary Magdalene, ya mwaka 2018, ilimaliza kwa maandishi yanayoeleza jinsi mwanamke huyu alivyopakwa ukahaba tangu 591. Ina udhaifu wake, ni ya polepole mno, lakini katika hili iliyasoma Maandiko vizuri kuliko mimbari nyingi.

Kuna mahali uchafuzi huu ulikuwa na gharama kubwa zaidi, na hapo naomba utulivu wenu. Wengi wetu tulilia tulipoitazama The Passion of the Christ. Mel Gibson aliwafanya waigizaji waseme Kiaramu, Kiebrania na Kilatini, na watu wakaamini kwamba wanaona mambo kama yalivyokuwa. Lakini sehemu kubwa ya yaliyoongezwa ilitoka katika maono yanayohusishwa na mtawa wa Ujerumani, Anne Catherine Emmerich, aliyefariki 1824, maono yaliyoandikwa na mshairi Clemens Brentano. Yohana anasema Pilato alimtwaa Yesu akampiga mijeledi, akaishia hapo, akaendelea. Filamu inakaa kwenye mijeledi hadi mtazamaji anafumba macho. Sisemi ni dhambi. Nasema Wainjili wote wanne walichagua kutokukaa hapo.

Kubwa zaidi ni Pilato. Katika filamu hiyo ni mtu wa mawazo, mwenye huzuni, anayesumbuliwa na swali la ukweli, huku makuhani na umati wakiwa wakali kuliko Roma nzima. Luka 13:1 inamtaja Pilato aliyechanganya damu ya Wagalilaya na dhabihu zao. Filo wa Aleksandria, Myahudi aliyeishi zama zilezile, aliandika juu ya rushwa yake, ukatili wake na watu aliowaua bila hukumu. Huyo ndiye mkubwa aliyesafishwa, na maji machafu yakamwagiwa taifa zima. Ulaya ilikuwa na maigizo ya Mateso kwa karne nyingi. Lile la Oberammergau, Ujerumani, lilianza 1634, na Hitler alikwenda kulitazama akalisifu. Wayahudi waliteswa na watu waliotoka kutazama maigizo ya Ijumaa Kuu. Baada ya vita matini ya Oberammergau ilianza kupunguzwa sumu, na mwaka 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, ukatamka kwamba kifo cha Yesu hakiwezi kubebeshwa Wayahudi wote wa wakati ule wala wa leo. Gibson mwenyewe aliondoa tafsiri ya chini ya skrini ya Mathayo 27:25, ule usemi wa damu yake kuwa juu yetu na watoto wetu, lakini maneno yenyewe ya Kiaramu akayaacha yasikike. Kijana anayeigiza umati wa "Msulubishe!" katika igizo lenu anapaswa kuijua historia hii kabla hajapaza sauti.

Je, kuna waliofaulu? Wapo. Pier Paolo Pasolini hakuwa muumini; alikuwa Mkomunisti wa Italia. Mwaka 1964 alitengeneza Injili ya Mathayo kwa rangi nyeusi na nyeupe huko Matera, akiwatumia watu wa kawaida wasio waigizaji, na mwanafunzi kutoka Hispania akiwa Yesu. Maneno aliyachukua kwa Mathayo mwenyewe. Filamu inaanza kwa Mariamu mjamzito na Yusufu wakitazamana bila neno, kwa sababu Mathayo hakuwapa neno. Na Yesu wake anawakemea waandishi na Mafarisayo kwa ukali wote wa sura ya 23, bila kulainishwa. Pasolini aliitoa filamu hiyo kwa kumbukumbu ya Papa Yohane wa 23, na mwaka 1995 Vatikano iliiweka katika orodha yake ya filamu bora.

Kwetu wengi tunaijua zaidi filamu ya Yesu ya 1979, ile iliyozunguka vijijini kwa jenereta na shuka nyeupe. Ilipigwa Israeli, ikafuata Injili ya Luka, na imeshatafsiriwa katika lugha zaidi ya 2,000, Kiswahili kikiwemo. Kwa maneno ni miongoni mwa zinazolifuata andiko kwa karibu. Lakini iliacha kitu ambacho Luka hakukiacha: uso. Hakuna Mwinjili aliyeeleza sura ya Yesu, na leo uso wa mwigizaji Mwingereza, Brian Deacon, ndio unaokuja akilini kwa watu wengi wanapofumba macho kuomba. Wengi wa ndugu zetu Waislamu wanalikataa jambo hili kabisa kwa manabii wote. Noah ilipigwa marufuku Qatar, Bahrain na Falme za Kiarabu kwa sababu hiyo. Sisi tumechagua njia nyingine, lakini hoja yao inastahili kusikilizwa kwa heshima.

Na kuna Mali. Mwaka 1999 Cheick Oumar Sissoko alitengeneza La Genèse kwa Kibambara, juu ya Yakobo, Esau na Hamori. Salif Keita, mwanamuziki mnayemjua, ndiye Esau. Fatoumata Diawara, akiwa bado binti, ndiye Dina. Sissoko alikwenda moja kwa moja kwenye Mwanzo 34, sura ambayo kanisa na Hollywood wote wameikwepa: Dina, binti wa Yakobo, ananajisiwa na Shekemu mwana wa Hamori, kaka zake wanadanganya kwa kutumia tohara, kisha Simeoni na Lawi wanaua wanaume wa mji mzima. Wafugaji, wakulima na wawindaji wanagombana juu ya ardhi na damu, na hakuna hata mmoja anayetoka akiwa safi. Mwafrika haelezwi jambo hilo, analijua. Mavazi si ya Kanaani, milima si ya Kanaani, na sijaona filamu iliyo karibu na moyo wa kitabu cha Mwanzo kuliko hiyo.

Kwa hiyo mnapoandika mswada, msiogope kuongeza. Biblia husema kidogo, na kamera haiwezi kukaa kimya. Ila kila mnapoongeza, jiulizeni nyongeza hiyo inamfaidi nani. The Chosen, tamthilia ya Yesu na wanafunzi wake iliyoanza kuonyeshwa 2019, imeongeza mengi mno, lakini ilipomwongezea Simoni Petro ilimwongezea madeni na ushirika wa siri na Warumi. Ilimtia doa mkubwa, haikumfutia. Mwelekeo huo ni wa Biblia. Kama nyongeza zenu zote zinampunguzia lawama mwenye cheo na kumzidishia mwanamke, mgeni au maskini, futeni mwanze upya. Na mwanzoni mwa video wekeni maandishi, kwa Kiswahili kinachosomeka, yakitaja kitabu na sura.

Baada ya chai tutagawanyika katika makundi. Kila kundi litachukua Mwanzo 34. Someni aya zote 31 kwa sauti kabla mtu yeyote hajagusa kamera. Mtaona kwamba Dina hasemi neno hata moja, na kwamba anabaki nyumbani kwa Shekemu hadi kaka zake wanapokuja kumtoa na panga zina damu. Msianze na mavazi wala muziki. Amueni kwanza kamera itakaa wapi siku zile za mashauri: nje na wanaume wanaopatana bei, au ndani ya nyumba ile pamoja na Dina.